Gumegume au fataki?
Ni njia mbili za kuwasha baruti katika bunduki za zamani. Kwa askari anayepigana mvuani, nachagua fataki bila kusita. Mwaka 1834, huko Woolwich, Uingereza, jeshi lilijaribu aina zote mbili, mipigo 6,000 kila moja: gumegume ilikataa kulipuka mara 922, fataki mara 36 tu. Gumegume hutegemea cheche za jiwe ziiangukie baruti iliyo kwenye kifa, yaani kisahani kidogo kando ya mtutu. Upepo huipeperusha, unyevu huilowesha. Fataki ni kikofia kidogo cha shaba chenye kemikali. Nyundo ikikigonga, moto huingia moja kwa moja mtutuni.

Ila vikofia hutoka kiwandani, na vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi huviangusha. Mwindaji aliye mbali na maduka abaki na gumegume: jiwe likiwa butu hulichonga upya papo hapo.