Ubao wa keram wa Ngamiani: straika safi, ukingo mmoja umelala

Wanafunzi wangu wa tuisheni ya fizikia wakimaliza somo hawaondoki barazani. Basi nikaenda kwa fundi mmoja Ngamiani, nikaagiza ubao wa keram, ule mchezo wa kusukuma kete mashimoni: shilingi 90,000 pamoja na kete, straika (ile ya kupigia kete) na kopo la poda. Si bei ya kutupa. Lakini ubao wa plaiwudi nyembamba unabonyea katikati masika yakianza, na unyevu wa Tanga tunaujua.

Kipimo kiko sawa. Uwanja wa ndani ni sentimita 74 kila upande, na sheria za shirikisho la kimataifa zinataka kati ya 73.5 na 74. Kete zimetimia 19: nyeupe 9, nyeusi 9, na malkia mwekundu. Mashimo amekata duara safi, nyavu zake ni za uzi wa mshipi, na hazijalegea.

Kilichonifurahisha zaidi ni straika. Nilipita nayo kwa sonara mjini anipimie: gramu 15 kamili, ndiyo mwisho unaoruhusiwa. Kete ni gramu 5. Tofauti hiyo ndiyo utamu wote wa mchezo. Chukua straika inayokwenda mita 2 kwa sekunde, igonge kete iliyotulia, uso kwa uso. Momenta, yaani tungamo ukizidisha na kasi, ilikuwa 30 kwa hesabu ya gramu. Baada ya mgongano kete inaruka kwa mita 3 kwa sekunde, straika inaifuata kwa mita 1. Jumlisha: 15 na 15, ni 30 ile ile. Nishati mwendo, yaani nishati ya kitu kinachokwenda, nayo ilikuwa jouli 0.030, na sasa kete imebeba 0.0225, straika imebaki na 0.0075. Hakuna iliyopotea. Huo ndio mgongano mnyumbufu, ingawa kwa kweli ule mlio wa "ta!" unaousikia umemega kidogo.

Ndiyo maana ukipiga kwa hasira kete iliyo mdomoni mwa shimo, straika nayo inazama nyuma yake, na watu wanakucheka. Ingekuwa na uzito sawa na kete, ingesimama palepale na kete ingeondoka na kasi yote. Mabingwa wa baraza letu wanalikwepa hilo kwa kupiga pembeni kidogo, na hawajawahi kuandika fomula hata moja.

Vijana waliniuliza, na vikishikana je? Tukabandika pande la bigijii ubavuni mwa straika. Ikagonga, ikanasa, vikaenda pamoja. Kwa mfano ule ule, gramu 20 zinakwenda kwa mita 1.5: momenta bado ni 30, ila nishati mwendo imeshuka hadi 0.0225. Robo nzima imeishia kuponda bigijii na kuipasha joto. (Kuusafisha ubao jifunzeni kwingine, bigijii na poda ni balaa.)

Sasa lawama. Kingo tatu za fremu zinarudisha straika vizuri, ya nne imelala. Ukigonga ukingo huo kwa kidole unasikia sauti ya uwazi. Gundi haikushika kwenye kona, mbao inacheza. Straika ikifika pale inarudi kwa unyonge. Na kasi ikirudi nusu tu, nishati iliyobaki ni robo, kwa kuwa nishati inafuata kasi kwa kipeo cha pili. Iliyobaki imekwenda kutikisa mbao. Mchezaji anayetegemea kupiga ukutani ili arudi nyuma, upande ule hapati kitu, na kwa sababu watu wanakaa pande nne, ugomvi wa nani akae wapi hauishi.

Fundi hakubisha. Alisema nimpelekee aweke skrubu na kona ya mbao ngumu, bila malipo. Kwa hiyo bado nasema nunua kwake, ila kabla ya kutoa pesa telezesha straika kwenye kila ukingo mwenyewe, palepale kwenye karakana. Omba na poda ya ziada, kopo analotoa ni dogo.

Na usimwite bodaboda. Ubao una upana wa kukamata upepo wote wa pwani ya Raskazoni; chukua bajaji.