Uzoefu wangu: Safari ya siku moja Nanyuki, kwenye mstari wa Ikweta

Safari ya siku moja kutoka Nairobi hadi Nanyuki inastahili pesa yake, na ningeilipia tena. Nina neno tu kuhusu saa zinavyogawanywa: tulikaa mno pale kwenye bango la Ikweta, halafu kwingine tukakimbizwa.

Tuliondoka kungali giza. Dereva ndiye aliyeshikilia hivyo, na alijua kazi yake, kwa sababu Mlima Kenya hujitokeza asubuhi kisha mawingu huufunika. Tuliuona wote, na Batian, kile kilele cha mita 5,199, kikiwa na mabaka ya barafu iliyosalia. Kutoka kileleni hadi Ikweta hapafiki kilomita 20! Wenzangu wa Pwani wanaodhani Ikweta ni joto tupu wabebe sweta. Mji wa Nanyuki uko karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, na hata Februari asubuhi yake inatetemesha.

Bango lenyewe liko kando ya barabara, na nyuma yake kuna vibanda vya vinyago. Ukishuka tu, kijana anakuja na jagi, beseni na bakuli lenye tundu chini. Anakupeleka hatua chache kaskazini, anamimina maji, anadondosha njiti ya kibiriti, nayo inazunguka kufuata mwendo wa saa. Kusini inazunguka kinyume. Kwenye mstari inatulia. Eti ni mzunguko wa dunia unaofanya hivyo. Watoto wa shule waliokuwa mbele yetu walipiga makofi.

Nikamwambia, “Kaka, hebu nimimine mwenyewe.” Akanipa jagi bila kinyongo. Nilisimama palepale kaskazini, nikayamimina nikiyaelekeza mkono wa pili, na njiti ikageuka na kufuata upande nilioutaka mimi. Mzunguko wa dunia hupinda vitu vikubwa kama vimbunga vya baharini. Kwa maji ya bakuli, hatua ishirini kutoka Ikweta, nguvu hiyo ni kama haipo. Tena vimbunga vya kaskazini huzunguka kinyume na mwendo wa saa, yaani tofauti kabisa na tulichoonyeshwa. Nilimlipa, kwani anaeleza vizuri na amejitafutia riziki yake kwa heshima. Lakini wale watoto wataandika jambo hilo kwenye mtihani, na hilo linaniuma. Walimu, tafadhali waambieni ukweli kabla hamjapanda basi.

Ushahidi wa kweli ni kivuli, tena ni bure. Ikweta inapita pia ndani ya hifadhi ya Ol Pejeta, na tulipokuwa huko mchana kivuli changu kilikuwa kifupi na kimelala upande wa kaskazini, kwa kuwa mwezi huo wa Februari jua liko kusini ya Ikweta. Julai kitalala kusini. Ukienda karibu na tarehe 21 Machi au 23 Septemba, kama saa sita na nusu mchana, jua linakuwa utosini na kivuli kinaishia miguuni pako.

Ol Pejeta ndiyo iliyoibeba siku yangu. Najin na bintiye Fatu ndio vifaru weupe wa kaskazini wawili pekee waliobaki duniani, na wote ni majike. Dume la mwisho, Sudan, lilikufa Machi 2018. Fatu alikuwa akila nyasi karibu kiasi cha kusikia zinavyokatika, huku mlinzi akimwita kwa sauti ya chini kama mtu wa nyumbani. Nililia, na sioni haya kusema. Kwa sokwe tulipewa muda mfupi mno, wakati historia yao inatuhusu sana: makazi yao yalifunguliwa 1993 kupokea sokwe waliotolewa Bujumbura vita vilipozuka Burundi.

Kabla ya kulipa, uliza kama ada ya kuwaona Najin na Fatu imo ndani ya bei, maana hutozwa kando na kiingilio na nafasi huwekwa mapema. Mkenya, usisahau kitambulisho, ndicho kinachokupa bei ya raia. Na umwambie dereva tangu mwanzo: bangoni nusu saa inatosha, muda uliobaki uwe wa hifadhi.

Nyota nne kati ya tano.