Uzoefu wangu na midPoint: ombi lililofungwa si akaunti iliyofunguliwa

Natumia midPoint toleo la 4.8, programu huria ya kusimamia utambulisho (nani ana akaunti na ruhusa zipi kwenye mifumo ya ofisi) inayotengenezwa na kampuni ya Evolveum ya Slovakia, katika taasisi ya mikopo ya Uganda yenye matawi Kampala, Jinja na Arua. Hapa nazungumzia upande mmoja tu wa programu hii: mfanyakazi anaomba jukumu (fungu la ruhusa za kazi fulani), mwenye mamlaka anaidhinisha, na sisi wa TEHAMA tunafuatilia mpaka mwisho. Kwa kazi hiyo ni programu nzuri, tena nzuri sana. Ila haimbembelezi mtu, na anayeisoma juujuu atawaambia watu "tayari" wakati akaunti haipo.

Tuanze na jukumu lenyewe. Jukumu halionekani kwenye orodha ya kuomba mpaka sifa yake iitwayo requestable (linaweza kuombwa) iwe true, yaani ndiyo. Mwombaji naye awe amepewa jukumu la End user linalokuja na programu, na mwidhinishaji awe na lile la Approver, la sivyo atapata barua pepe ya kumwita aidhinishe kisha akiingia asione kitu. Nani aidhinishe jukumu fulani? Unampa mtu huyo jukumu hilohilo kwa uhusiano wa approver (mwidhinishaji) badala ya uhusiano wa kawaida. Hapo wengi huteleza: wakichagua uhusiano wa kawaida, meneja wa tawi anapata ruhusa za keshia, na maombi ya makeshia yanabaki hayana mwenyewe.

Kuomba ni rahisi. Unachagua anayeombewa (mwenyewe au mtu wa timu yako), unaingia kwenye katalogi, unatia majukumu kwenye kikapu, unaandika sababu na muda wa ruhusa, unatuma. Nawashauri sana watu wajaze muda. Jukumu la mtu anayekaimu kwa mwezi mmoja likiwekewa tarehe ya mwisho linaacha kufanya kazi lenyewe. Lisipowekewa, litakaa mpaka mkaguzi alikute. Kabla ya kutuma, programu inaonyesha migongano: kama umeweka kanuni kwamba anayeingiza mkopo asiwe anayeuidhinisha, kikapu chenye vyote viwili kitasimamishwa papo hapo. Kanuni hiyo unaiandika kwenye jukumu moja ikitaja lingine, na unaamua kama mgongano uzuie kabisa au upelekwe kwa mtu wa juu zaidi aidhinishe. Kwa fedha, mimi nazuia kabisa.

Sasa ufuatiliaji. Kila ombi linakuwa kesi, yaani rekodi ya kulifuatilia. Mtu akiomba majukumu matatu kwa mpigo, inafunguliwa kesi mama moja, na chini yake kesi za idhini, moja kwa kila jukumu. Ukitafuta kwa jina la mtu utaziona zote zimechanganyika, kwa hiyo anzia kesi mama, ushuke. Jambo ambalo waombaji hawalijui: kwa kawaida programu inasubiri kesi zote za ombi hilo ziamuliwe ndipo itekeleze chochote. Majukumu mawili yameidhinishwa asubuhi, la tatu limelala kwa mwidhinishaji aliye safarini Arua, basi yote matatu yamelala. Ipo njia ya kuiambia itekeleze kila kimoja kinapoidhinishwa, lakini dawa nyepesi ni kuwazoesha watu kutuma jukumu la haraka katika ombi lake peke yake.

Ombi likikwama, maswali yangu huwa haya kwa mpangilio. Je, kesi ina mtu wa kuiamua? Kila hatua ya idhini ina mpangilio wa nini kifanyike asipopatikana mwidhinishaji: kuidhinisha, kukataa, au kuruka hatua. Uandike wazi mwenyewe kwenye kila hatua. Ukiona kesi imefunguliwa na kufungwa ndani ya sekunde moja, bila jina la mtu aliyeamua, tafsiri yake ni kwamba hatua haikumpata mtu na mpangilio huo ndio ulioamua. Kama ulisema "idhinisha", umegawa ruhusa bila jicho la binadamu.

Je, kazi ya kuidhinisha imeelekezwa kwa kikundi? Ukimtaja mwidhinishaji kuwa ni idara nzima badala ya mtu, kazi haiingii kwenye orodha ya mtu yeyote. Inakaa kwenye ukurasa wa kazi zinazosubiri kuchukuliwa, na lazima mmoja aichukue kwanza ndipo aweze kuamua. Kila mtu atakuapia kwamba hana kazi yoyote, na atakuwa anasema kweli. Ama wafundishe kufungua ukurasa huo, ama weka mpangilio unaokipanua kikundi kuwa watu mmojammoja kazi inapoundwa. Ukichagua njia ya pili, angalia pia kanuni ya uamuzi: firstDecides inamaliza hatua kwa jibu la kwanza, lakini allMustApprove inataka watu wote, na katika idara ya watu wanane hakosekani aliye likizo.

Je, muda umekwisha? Hatua inaweza kupewa ukomo, kwa mfano P3D yaani siku tatu, na kabla au baada ya hapo programu ikumbushe, ipandishe kazi kwa mkubwa, au iifunge yenyewe. Siku hizo ni za kalenda. Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa, na sikukuu pia. Ombi la tarehe 1 Juni linapita juu ya Siku ya Mashahidi, tarehe 3, watu wako hija Namugongo na saa inakimbia. Ndiyo maana siweki kukataa kama kitendo cha mwisho; naweka kupandisha kwa mkubwa. Mwidhinishaji anayekwenda likizo ateue naibu ndani ya programu, kwa tarehe za kuanza na kuisha, na kazi za idhini zitamfikia naibu. Ni afadhali mara mia kuliko kuachiana nywila, desturi ambayo ofisi nyingi bado zinaiona ya kawaida.

Halafu lile la kichwa cha habari. Kesi ikishaidhinishwa inapita hali ya kufungwa, kisha inakuwa imefungwa. Maana yake ni kwamba uamuzi umekamilika na jukumu limeandikwa kwa mtumiaji ndani ya midPoint. Akaunti kwenye mfumo wa mbali, ule ambao mtu anakwenda kuutumia, ni habari nyingine. Mfumo huo ukiwa hauna mtandao au umezimika kwa umeme kukatika, midPoint inaweka operesheni kwenye kivuli cha akaunti (rekodi ya akaunti hiyo ndani ya midPoint) na kujaribu tena. Kwa chaguo-msingi kila baada ya dakika 30, hadi majaribio matatu. Laini ya tawi ikikatika siku nzima, majaribio yanaisha kabla haijarudi. Niliongeza idadi ya majaribio kwa mifumo iliyo nje ya Kampala, na nikaweka kazi ya upatanisho ya kila usiku, inayolinganisha midPoint na mifumo hiyo, iokote yaliyobaki. Kwa hiyo kabla ya kumjibu mtu, fungua vitu vitatu: kesi, orodha ya majukumu ya mtumiaji, na akaunti zake pamoja na operesheni zinazosubiri. Cha tatu ndicho kinachosema ukweli.

Mifumo isiyo na konekta (kiungo cha kuzungumza na midPoint moja kwa moja), na programu za mikopo za zamani ziko hivyo, inashughulikiwa kama rasilimali ya mkono. Idhini ikipita, inafunguliwa kesi nyingine kwa fundi: fungua akaunti hii, kisha bonyeza umemaliza. Fundi akibonyeza bila kufanya, midPoint itaamini. Hapo nimetumia mchanganyiko: kuandika ni kwa mkono, kusoma ni kutoka faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) ambalo mfumo wa mikopo unalitoa kila usiku. Akaunti isipoonekana kwenye faili, uongo umejulikana asubuhi.

Kumbukumbu za ukaguzi ndizo zinazonifanya nisiiache programu hii. Kila tukio lina hatua ya ombi na hatua ya utekelezaji, na kwenye jukumu lenyewe la mtumiaji unakuta aliyeomba, aliyeidhinisha na maneno waliyoandika. Lakini mipangilio ya mwanzo inafuta rekodi za ukaguzi zenye umri wa zaidi ya miezi mitatu, P3M. Mkaguzi wa mwaka akija atakuta robo tu. Badilisha kabla hujaingiza mtumiaji wa kwanza, na usiandike "milele" pia: Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka data ya watu ilindwe isifikiwe bila idhini, na inataka vilevile isihifadhiwe kupita haja yake. Rekebisha na saa. Kontena (kifurushi kinachoendesha programu kwenye seva) likiachwa kwenye UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya Kampala kwa saa tatu, ombi lililotumwa saa tatu asubuhi Kampala litasomeka 06:00, na utabishana na mtu bure. Weka Africa/Kampala.

Taarifa kwa barua pepe zinafanya kazi vizuri; za SMS pia kupitia geti la HTTP (huduma ya kutuma SMS kwa njia ya wavuti), zinafaa matawi yenye intaneti dhaifu, ingawa kuidhinisha bado kunataka mtu aingie kwenye mfumo.

Programu hailipiwi, msaada wa kampuni ndio unaolipiwa. Gharama yako halisi ni mtu anayeijua PostgreSQL (hifadhidata yake) na asiyeogopa kuandika XML (lugha ya mipangilio yake), kwa sababu hatua za idhini nilizozitaja utaziandika humo. Ofisi ya watu ishirini na mifumo miwili isijisumbue. Fomu na jedwali linalopitiwa kila mwezi vinatosha. Mkishakuwa na matawi, mifumo mitano sita na mkaguzi anayeuliza nani alimpa nani nini, ndipo itakapojilipa. Mkianza, anzeni na majukumu kumi yanayoombwa zaidi, mfumo mmoja tu, na mwidhinishaji mwenye jina.