TAHADHARI: Tembe za kisukari zinauzwa kama "kinga ya ini" Kisumu na Nakuru

Kuna muuzaji anayezungusha tembe nyeupe kwenye vipakiti vya nailoni visivyo na jina, Kondele, Kibuye, na sasa hadi Nakuru. Anaziita "kinga ya ini". Shilingi 1,500 kwa tembe 30, unalipa M-Pesa kabla ya kuona mzigo. Anawalenga wanywaji, wapulizaji wa dawa za wadudu mashambani, wenye hepatitisi B na wanaomeza dawa za kifua kikuu. Akibanwa anasema ni metformini, ile ya kisukari, kisha anatoa simu na kuonyesha utafiti.

Utafiti wa namna hiyo upo kweli, ndiyo maana anawanasa hata waliosoma. Panya wa maabara wakilishwa paracetamoli nyingi au kaboni tetrakloridi (kemikali yenye sumu kwa ini), waliopewa metformini wameonekana kuumia ini kidogo kuliko wenzao. Ini linapovunja paracetamoli hutoa kemikali kali iitwayo NAPQI. Glutathioni, kinga ya asili iliyomo kwenye seli, ndiyo huizima. Ikiisha, NAPQI huharibu mitokondria, yaani mitambo ya nishati ya seli, na seli hufa. Metformini hupunguza uharibifu huo wa mitokondria. Lakini panya hao walikuwa wazima, sumu ni moja, kipimo kinajulikana, na dawa hutolewa kabla ya sumu au muda mfupi baada yake. Mnywaji wa chang'aa wa miaka mingi hafanani nao hata kidogo, na metformini haijaidhinishwa kumkinga binadamu ini dhidi ya sumu yoyote.

Kwa mtu ambaye ini limeshachoka, tembe hizi zinaweza kuua. Metformini hupunguza uwezo wa ini kuondoa asidi ya laktiki, ambayo mwili huitengeneza wenyewe. Ongeza pombe nyingi au figo dhaifu, asidi hujaa damuni: kupumua haraka na kwa kina, kutapika, maumivu ya tumbo, kulegea mwili mzima. Ni nadra, lakini ni dharura. Ndiyo sababu kliniki hupima figo kabla ya kuanzisha dawa hii, kisha huanza na miligramu 500 pamoja na chakula.

Kwa wagonjwa wa kifua kikuu hatari ni nyingine, na hii inatuumiza sana. Isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zote zinaweza kuumiza ini. Dalili za mwanzo ni kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na tumbo kusumbua. Metformini nayo huleta hayo hayo, pamoja na kuharisha. Muuzaji anamwambia mgonjwa "hiyo ni sumu inatoka", mgonjwa anavumilia nyumbani, na anafika hospitali macho yakiwa ya manjano. Ukimeza dawa za TB na ukaona dalili hizo, rudi kliniki siku hiyo hiyo upimwe ini.

Aliyemeza paracetamoli kupita kiasi asipewe tembe hizi hata moja. Kikomo cha mtu mzima ni gramu 4 kwa siku, yaani tembe 8 za miligramu 500. Siku ya kwanza anaweza kujisikia mzima kabisa huku ini likifa. Dawa yake ni asetilisisteini, ambayo husaidia mwili kutengeneza glutathioni tena, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8. Mkimbizeni hospitali.

Tembe isiyo na lebo inaweza kuwa chochote. Metformini mara nyingi ina harufu kama ya samaki, ila harufu si uthibitisho. Ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari sana. Ukimeza tembe za huyu mtu ukatoka jasho, ukatetemeka au ukachanganyikiwa, huenda ni glibenklamidi, dawa nyingine ya kisukari inayoweza kushusha sukari mno. Kunywa maji yenye vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari, kisha nenda hospitali hata ukipata nafuu, kwa sababu sukari inaweza kushuka tena saa nyingi baadaye. Aliyezimia asitiwe kitu mdomoni.

Wenye kisukari walioandikiwa metformini na daktari wasiiache kwa sababu ya tangazo hili. Wasiongeze tu tembe za huyu mtu juu ya zao.

Kama umeshanunua, acha kumeza. Tembe zilizobaki zipeleke na kipakiti chake kwa mfamasia wa hospitali ya kaunti, uhifadhi ujumbe wa M-Pesa na namba iliyopokea, na uombe taarifa ifikishwe kwa Bodi ya Famasia na Sumu.