Uzoefu wangu: spika za helmeti, rumba na upepo wa Thika Road

Naishi Juja, kazi iko Industrial Area ya Nairobi, na katikati kuna barabara mbili, Thika Road halafu Outering. Kwenda na kurudi hunila karibu saa mbili nzima kila siku juu ya pikipiki, Boxer ya 150, na mimi ni mtu wa rumba. Mwezi wa Machi nikashuka Luthuli Avenue kununua spika za kuweka ndani ya helmeti, zile bapa za mviringo zenye waya mfupi na kidude cha betri kinachobanwa kwa nje. Muuzaji alianzia 4,500, tukavutana hadi 2,800. Alinisogezea moja sikioni, akabonyeza. "Boss, hii ni nganya," yaani kama zile matatu za muziki mzito. Kweli ilipiga hadi nikarudisha kichwa nyuma.

Kesho yake, kutoka kwa geti hadi kwa lami, muziki mtamu. Nikaingia barabara kuu, mshale ukafika 80, na muziki ukapotea. Sisemi ulipungua. Ulipotea. Nilibaki na upepo tu, na mara moja moja gitaa likichungulia kama mtu anayekupungia mkono kutoka ng'ambo ya mto.

Hapo nilitaka kuzirudisha. Nilikuwa nimeshajaribu eafoni za kuchomeka, na hizo zina shida yake: sauti inafika, lakini ukishusha helmeti inazing'oa, na zisipong'oka zinakukandamiza hadi ukifika Roysambu unataka kulia. Kwa hivyo nikaamua nipambane na spika kwanza.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nikiwa nimesimama kwenye foleni pale Allsops, nilibana helmeti kwa viganja vyote viwili, na besi ikarudi yote kama mtu amefungua mlango. Spika zilikuwa mbali na sikio, tena chini yake. Sentimita moja au mbili tu, lakini kwa spika ndogo hivyo, hiyo ni kama mtaa wa pili. Jioni nikavaa helmeti, nikaingiza kidole hadi kwenye tundu la sikio, nikatia alama kwa chaki kwenye kitambaa cha ndani. Spika nikazihamishia hapo kwa velkro, na nyuma yake nikaweka vipande vya sponji vya godoro kuukuu hadi zikakaribia kugusa sikio. Fundi mmoja wa mjini alikuwa ametaka kuchimba ile povu ngumu nyeupe kwa kisu "ndio ziingie poa". Nilikataa. Hiyo povu ndiyo inayopokea kishindo ukianguka, haikuwekwa pale kwa ajili ya redio.

La pili lilinichekesha nilipoligundua baada ya wiki nzima. Simu ina sauti yake na spika zina yake. Nilikuwa nimepandisha simu hadi mwisho, kumbe kidude cha helmeti kiko nusu. Unabonyeza alama ya kujumlisha hadi kilie "tit" mara mbili, ndipo umefika juu.

Kufikia hapo nyimbo mpya za vijana nilikuwa nazisikia vizuri hata kwenye 80. Rumba yangu, hapana. Na hapa ndipo nilipopoteza jioni nyingi kuliko ninavyotaka mke wangu ajue. Nyimbo za siku hizi hubanwa studioni hadi kila sehemu iko juu sawa, mwanzo hadi mwisho. Rumba ya zamani inaanza polepole, mwimbaji anabembeleza, gitaa linatembea chinichini, halafu baada ya dakika tatu sebene, ile sehemu ya magitaa ya kasi ya kucheza, inafunguka. Barabarani maana yake ni kwamba dakika tatu husikii kitu, halafu sebene inakurukia ukiwa katikati ya lori mbili.

Kijana wa saiba, pale pa kukodi kompyuta, alinipa programu ya bure inayoitwa MP3Gain. Inapima kila wimbo na kuupandisha au kuushusha kwa hatua za desibeli 1.5 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) bila kuharibu faili, na yenyewe hulenga desibeli 89. Niliziweka zote 89, zikawa sawa kati yao. Nikaona hiyo ni woga, nikaweka 98. Tarumbeta zikaanza kupasuka kama mabati kwenye mvua ya mawe. Isitoshe, programu hiyo hupandisha wimbo mzima kwa pamoja, kwa hivyo pengo kati ya kubembeleza na sebene linabaki vilevile.

Kilichonisaidia ni Audacity, nayo ya bure. Ina kifaa cha kubana sauti: kinashusha zile sehemu zenye kelele, halafu unaweza kuupandisha wimbo wote bila kupasuka, na mwimbaji anakuja mbele. Nilitengeneza nakala za nyimbo kama 60 na kuziweka kwenye folda niliyoiita BARABARA. Ukizisikiliza sebuleni ni mbaya, zimekosa pumzi. Kwa kiti cha nyumbani nimehifadhi zile za asili. Kwenye ekwalaiza ya simu nikapunguza besi, maana upepo wenyewe ni besi tupu na hutashinda huko, nikapandisha katikati na juu kidogo ambako maneno na gitaa la solo viko.

Nilidhani nimemaliza. Shida ni kwamba usiku masikio yalikuwa yanalia, ule mlio mwembamba wa mbu asiyekufa. Nikaanza kusoma. Kipimo kinachotumika sana viwandani ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Ukifika 100, una robo saa. Upepo peke yake ndani ya helmeti, ukienda kasi barabara kuu, unaweza kufika huko bila wimbo hata mmoja, na mimi nilikuwa napandisha muziki juu yake ili uushinde.

Kwa hivyo sasa naziba masikio. Najua inavyosikika. Kemia wanauza zile plagi za povu kwa bei ya chapati mbili. Unaisokota hadi iwe nyembamba kama njiti, unapitisha mkono wa pili juu ya kichwa na kuvuta sikio juu na nyuma, unaichomeka, unaishikilia kwa kidole nusu dakika hadi ijivimbishe. Halafu helmeti. Plagi inashusha upepo na muziki kwa pamoja, kwa hivyo kwa hesabu hukupata faida yoyote, lakini sikio halijaelemewa tena na linaweza kutofautisha. Ni kama miwani ya jua: mwanga umepungua na unaona vizuri zaidi. Plagi hula sauti za juu kuliko besi, ndiyo maana nikapandisha zile za juu kidogo tena. Nikaongeza skafu nzito shingoni, kwa sababu upepo mwingi huingilia chini ya kidevu. Skafu ni ya mitumba, Sh 100, na pengine ndiyo pesa nzuri kuliko zote nilizotumia kwenye mradi huu.

Honi bado nazisikia. Hata hivyo nikifika Outering muziki nauzima, huko kila dakika kuna mtu anavuka na mkokoteni.

Spika zenyewe? Kwa 2,800 silalamiki sana. Boksi linasema betri saa kumi, mimi napata sita au saba. Vitufe ni vidogo, na ukiwa na glavu unapiga simu ukidhani unaruka wimbo. Shemeji yangu ameshapokea simu tatu za upepo mtupu. Maikrofoni haina kazi juu ya kilomita 40. Na tangu mvua za Aprili upande wa kushoto unakwaruza kila asubuhi hadi upate joto, kwa hivyo Jumamosi narudi Luthuli kuuliza kama wanauza upande mmoja.