TAHADHARI: Mkandarasi wa mkataba wa "mpaka lenta"

Ndugu zangu mnaojenga Dar, hasa upande wa Madale na Bunju, kuna mtu anapita kwenye viwanja vipya akijitambulisha kuwa mkandarasi. Ana mhuri, ana picha za nyumba kwenye simu, na mkataba anatembea nao. Jina siliandiki, shauri liko mahakamani. Huo mkataba ndio nataka muujue.

Ni ukurasa mmoja. Atajenga vyumba vitatu "mpaka lenta" (lenta ni ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), vifaa na ufundi juu yake, shilingi milioni 18. Nusu siku ya kusaini, inayobaki "kazi ikiendelea". Nikasaini.

Hilo "kazi ikiendelea" likageuka simu ya kila Jumamosi. Tofali zilipofika kozi ya tisa alishachukua milioni 16, akasimamisha kazi. Anadai "mpaka lenta" maana yake anaishia chini ya lenta, hivyo nondo, mbao na zege ya lenta ninunue mimi. Nilijua lenta imo, na kila fundi niliyemuuliza anajua hivyo, lakini karatasi haisemi. Tarehe ya kumaliza haimo. Fundi mwingine alipobomoa nguzo moja tukakuta nondo za mm 10, na ringi, zile pete za chuma zinazofunga nondo, zimeachana futi nzima. Kwa mdomo tulikubaliana mm 12. Mkataba umeandika "nondo" tu, basi.

Polisi waliniambia hiyo ni kesi ya madai, si jinai, niende mahakamani. Nilipoulizia Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, kampuni ya kwenye mhuri haimo. Jamani, ulizeni kabla ya kutoa hata shilingi! Mkandarasi wa majengo aliyesajiliwa ana daraja lake, la kwanza hadi la saba, na kila daraja, isipokuwa la kwanza, lina kikomo cha thamani ya kazi.

Mkataba wa ujenzi utaje unene wa nondo, umbali wa ringi, uwiano wa zege. Malipo yafuate hatua iliyokwisha na kukaguliwa: msingi, jamvi (sakafu ya zege), boma (kuta), lenta yenyewe ikiwa imemwagwa. Zuia kiasi mpaka kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi hurekebisha kasoro baada ya kukabidhi, kiishe, maana nyufa hazitokei siku ya makabidhiano. Na mpe wakili asome kabla hujasaini. Mimi namlipa sasa, tena zaidi.

Tuko watatu tuliosaini karatasi ileile. Kama unayo, niandikie faragha, wakili anahitaji nakala.