Chumba juu ya duka, Mji Mkongwe: nyota nne, ya tano imeliwa na saruji

Mimi ni mwashi, nina miaka 19 kazini, karibu yote huku Dar. Mwezi uliopita nililala siku tatu Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwenye chumba cha kupangisha juu ya duka la vitambaa, kichochoro cha kutoka Hurumzi kwenda Kiponda. Jina la nyumba silitaji kwa sababu nina la kulalamikia. Tena ninachotaka kukisifu ni safu nzima ya nyumba, ile moja imo tu ndani yake.

Ni nyumba za karne ya 19, za wafanyabiashara wa Kihindi walioongezeka sana Unguja baada ya Seyyid Said, sultani wa Oman, kuhamishia makao yake hapo kutoka Muscat. Chini duka, juu watu wanaishi. Wageni hupiga picha milango mikubwa yenye nakshi na njumu za shaba. Milango ya maduka haya ni mingine, ya Kigujarati: mbao zenye vijimraba, zinakunjwa moja juu ya mwenzake mpaka duka lote linakuwa wazi kwa mpita njia. Kila asubuhi, kabla ya saa mbili, nilisikia ubao ukigonga ubao kuanzia nyumba ya kona, duka kwa duka, mpaka chini ya kitanda changu. Sauti hiyo peke yake ilinitosha nauli ya boti.

Chumba ni chembamba na kirefu. Nilitoa tepu yangu: mita 2.7 upana. Sababu iko darini. Boriti za mikoko ndizo zinazobeba sakafu ya juu, na boriti haiwezi kuwa ndefu kuliko mti wake, basi mkoko ndio uliopanga vyumba vya mji huu. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, pale dirishani, ulikuwa sentimita 55. Mchana wa jua kali niliweka mgongo ukutani nikapoa, feni sikuigusa mpaka jioni.

Sasa lalamiko. Ukuta wa upande wa bafu umepigwa lipu ya saruji, na juu yake rangi ya mafuta. Rangi imevimba, chini yake chumvi imetoka nyeupe kama unga wa sembe. Nilipapasa boriti ya mwisho mahali inapoingia ukutani, nikaichoma kwa ufunguo wa chumba. Ufunguo uliingia mpaka nusu. Chokaa huuacha unyevu utoke. Saruji huufungia ndani, ukuta unalowa kimya kimya na ncha ya boriti inaoza kabla mtu hajaona ufa. Nilimwambia mwenyeji. Alinijibu kwa upole kwamba chokaa lazima iroweke muda mrefu, na saruji kesho imekauka. Namwelewa, nami nimewahi kumpa mteja jibu hilohilo. Lakini kuta za nyumba hizi zimepakana, jirani kaegemea jirani. Ikilala moja, ya pili haina pa kushika.

Tumeshaona. Beit el Ajaib ya mwaka 1883, jumba la sultani, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 ikiwa kwenye matengenezo. Zahanati ya Kale iliyokamilika 1894 ilibahatika: taasisi ya Aga Khan iliirudisha vizuri miaka ya 1990, na roshani zake za mbao zimesimama. Duka la vitambaa la kichochoroni nani atalijia na fedha za namna hiyo? UNESCO iliuandika mji wote kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mji wote maana yake ni pamoja na nyumba hizi zisizo na jina.

Ukienda, omba chumba cha mbele chenye dirisha la kichochoroni. Ngazi ni kali, begi zito litakutesa. Na ununue kitu chini: maduka mengi jirani yamegeuka ya vinyago vya wageni, hili bado linapimia wanawake wa mtaani kitambaa kwa mita. Nilimwamkia mzee wa duka, nikamwomba nimsaidie kufunga Magharibi. Akanionyesha ubao wa kuanza nao, wa kushoto, ambao bawaba zake zimelegea na lazima uuinue kidogo.